Mlima Uache Kwanza, Anza na Sufuria

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja wa Sakina, Arusha. Ameandika hivi: "Dada shikamoo. Nafuatilia sana picha zako. Mimi nina simu tu, kamera sina, na hela ya kuingia mbugani sina. Huku kila anayepiga picha anapiga tembo au mlima. Mimi nitapiga nini?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika mpaka chai imepoa. Nimeona niyaweke hapa na wengine mfaidike, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto moja na mimi: siku moja picha yako itundikwe ukutani kwa mtu asiyekujua, na awe ameilipia.

Langu limetimia mwezi uliopita. Mwenye hoteli moja hapa Moshi, pande za Shanty Town, amechukua picha zangu za kutosha vyumba vyote vya ghorofa ya juu. Hakuchukua hata mlima mmoja. Amechukua kitako cha sufuria, kata ya mbege (kibuyu cha kunywea pombe yetu ya ndizi na ulezi), trei ya mayai, katambuga iliyolika kisigino, na fagio la chelewa lililoegemezwa ukutani. Akaniambia, "Mlima wageni wangu watauona dirishani mawingu yakitoka. Nataka waone na vitu vya majumbani kwetu." Nilimshukuru vizuri kama mtu mzima. Nilipotoka getini nikalia.

Nililia kwa sababu ya maneno ya zamani. Miaka hiyo nilikuwa natumia kamera ya kuazima. Likatoka tangazo kwamba Arusha kutakuwa na maonyesho ya picha za Kaskazini, anayetaka alete kazi yake. Nikasafisha picha yangu ya sufuria kwa ukubwa wa A3, nikaifunga kwenye kanga, nikapanda Kosta ya alfajiri. Aliyekuwa anapokea picha, mtu mwenye heshima zake kwenye fani, akaifungua mbele ya watu, akainyanyua juu akasema, "Dada, tumeomba picha, wewe umetuletea vyombo." Watu wakacheka. Nikakunja kanga yangu nikarudi stendi. Simtaji na sina haja ya kumtafuta, lakini sauti yake nikiisikia hata gizani nitaitambua.

Miaka ya katikati naiacha. Ilikuwa harusi, sendofu na kipaimara, na ndivyo vilivyolipa kodi ya nyumba. Lakini vyombo sikuviacha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Bibi yangu mzaa mama, kule Kibosho, ana kata ya mbege iliyopasuka pembeni ikashonwa. Mshono ni wa uzi mweusi uliopitishwa kwenye vitundu vilivyotobolewa kwa msumari wa moto, na kila kitundu kimezungukwa na alama ya kuungua. Pale pa kushikia pameng'aa kwa mikono ya miaka mingi. Ndani kumeganda rangi ya ulezi, na mdomo wake umelika upande mmoja tu, upande wanaonywea. Ukiipiga kata ile uani saa sita mchana unapata doa la kahawia. Uzi hauonekani, vitundu havionekani, na mtu hawezi kujua kama ni kata au ni kipande cha mbao. Isogeze asubuhi karibu na mlango ulio wazi nusu, mwanga uitambae kutokea ubavuni: kila kitundu kinapata kivuli chake, uzi unanyanyuka, na yule anayeitazama picha anatamani kunyoosha kidole aguse.

Siri yote ndiyo hiyo. Mwanga utoke ubavuni. Ningeweza kuishia hapa, na mwenye haraka aende akajaribu.

Kwa atakayebaki, kuna mambo matatu ambayo kitu chochote kinakupa, na kila moja linahitaji mwanga wake. La kwanza ni umbo lake la nje, ule mstari unaokitenga na kilicho nyuma yake. Hili unalipata mwanga ukitoka nyuma ya kitu: birika dirishani linageuka jeusi lote, na mdomo wake, mkono wake na mfuniko wake vinasomeka mara moja. La pili ni unene wake, yaani kuonyesha kwamba kitu kina tumbo na mgongo na hakijachorwa kwenye karatasi. Hapa mwalimu bora ni yai. Yai halina kona wala mikwaruzo ya kujificha nayo. Unene wake unaonekana kwa jinsi mwanga unavyofifia polepole kutoka upande wa dirisha hadi upande wa giza. Washa flashi uone: kule kufifia kote kunakufa, yai linabaki duara jeupe. La tatu ni mguso, yaani kukwaruza au kuteleza kwake, na hili ndilo linalonimaliza mimi. Mguso unataka mwanga ulioinama chini kabisa, unaopita juu ya kitu kwa kukiparuza. Trei ya mayai tupu ukiiweka hivyo, zile nyuzinyuzi za karatasi iliyosagwa unazihesabu.

Kwetu huku kuna jambo la jua ambalo lazima ulijue. Moshi na Arusha tuko kama nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua letu halina muda wa kupoteza. Linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na linapanda nyuzi 15 kwa saa. Mwezi wa tatu katikati na mwanzoni mwa mwezi wa kumi, inapokaribia saa sita na nusu mchana linapita utosini kabisa, na ukisimamisha chupa uani kivuli chake kinaingia chini yake. Saa ya kutafuta mguso wa vitu nje ya nyumba ni kuanzia saa moja hadi kama saa mbili na nusu asubuhi, halafu tena kuanzia saa kumi jioni. Zaidi ya hapo ingia ndani. Juni hadi Agosti, Moshi ikifunga mawingu na baridi, wapiga picha wengi wanalalamika kwamba mlima hauonekani. Mimi ndiyo msimu wangu. Mwanga wa mawingu ni mpole, unafaa sana kwa unene: mayai, maparachichi, vibuyu, matumbo ya mitungi. Kwa mguso unakuwa butu, kwa hiyo funga mapazia yote uache mlango mmoja.

Ndani ya nyumba zetu madirisha yana nondo na wavu wa mbu. Nondo zinachora mistari ya kivuli juu ya kitu chako. Ukiipenda mistari hiyo itumie kwa makusudi, usipoipenda vuta shiya nyeupe mbele ya dirisha, mistari inayeyuka. Upande wa pili wa kitu, ule wenye giza, simamisha karatasi nyeupe au debe la mafuta ya kula lililokatwa na kusuguliwa likang'aa, irudishe mwanga kidogo. Kidogo tu. Giza ukilifukuza lote umeufukuza na unene. Nyuma ya kitu mimi huweka kitambaa cheusi kizito, koti la kiume la mitumba nililonunua soko la Memorial nikalifumua. Usiku umeme ukikatika usikae bure: laza tochi ya simu nyingine mezani, karibu na kitu, uone ukuta wa kopo lenye kutu unavyofunguka.

Simu yako inatosha. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa safi, maana simu inayotoka mfukoni ina mafuta ya vidole na picha itatoka na ukungu. Usiisogeze puani kwa kitu: lenzi pana ya simu ikikaribia sana inavimbisha kilicho mbele, mdomo wa sufuria unapinda na umbo linakuwa la uongo. Rudi nyuma hatua moja uvute picha (zoom) mara mbili. Zima ile hali ya kufifisha nyuma, inakata vibaya kingo za vitu. Bonyeza kioo na ushikilie ili fokasi ijifunge, halafu shusha mwanga kwa kidole mpaka sehemu inayong'aa zaidi irudishe rangi yake. Egemeza simu kwenye kopo, weka taima ya sekunde mbili, usiiguse. Wenye kamera: lenzi ya 50mm inatosha, tundu la lenzi f/8, wepesi wa kunasa mwanga ISO 100, na stendi. Ukishapiga, igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe uiangalie. Rangi ina tabia ya kuficha mwanga mbaya. Bila rangi utaona kama ulikuwa na umbo au ulikuwa na kitenge kizuri tu.

Baada ya yale maneno ya Arusha nilianza kusoma habari za waliotutangulia, kwa hasira kwanza, baadaye kwa raha. Nikakuta kwamba mwaka 1916 huko Marekani, Paul Strand alipiga mabakuli. Mabakuli ya jikoni, jamani! Aliyasogelea hadi ikabaki mikunjo ya mwanga na kivuli. Nikakuta Edward Weston, California, mwaka 1930, alichukua pilipili hoho moja akaiweka ndani ya faneli ya bati. Lile bati lililopinda liliizungushia mwanga pilipili pande zote, na akaacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa. Picha ile iko kwenye makumbusho makubwa ya dunia, na pilipili yake haina tofauti na hizi za Soko la Mbuyuni zinazouzwa kwa mafungu. Siku niliyoiona niliitazama hadi macho yakachoka. Nikasema kimoyomoyo, huyu naye alileta vyombo.

Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu, acheni kukimbizana na mlima. Simaanishi mlima si mzuri, nimezaliwa chini yake. Lakini ukisimama pale kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa siku Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inapofunguka utakuta watu wameinua simu zote upande mmoja, na jioni picha ni zilezile. Unakopa kamera, unakopa lenzi ndefu, unalipa gari la kwenda porini, unarudi na simba ambaye magari mengine yote yalimpiga pembe hiyohiyo. Deni linabaki. Wakati huohuo nyumbani kuna kinu cha mama chenye nyufa, mchi ulioliwa katikati na viganja, ungo uliotoboka, na kahawa ya babu iko kichanjani inakauka na ganda lake. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye kinu kile. Hakuna anayeweza kukiwahi kabla yako. Heshimu vitu vya kwenu. Ukivipuuza wewe uliyekua navyo, unataka nani avitazame?

Na uvumilie. Chagua kitu kimoja tu, ukae nacho wiki nzima kabla ya kugusa cha pili. Usihame. Kigeuze, kilaze, kipindue, kitazame asubuhi na jioni, mwanga ukitoka ubavuni. Mangi wa dukani kwetu aliwahi kuniuliza kwa nini nachagua yai moja kwa dakika tano wakati yote yanaenda kukaangwa. Nikamwonyesha: lile lilikuwa na vipele vidogo upande wa juu, kuku alikuwa mchanga au alishtuka, sijui, lakini vipele vile kwenye mwanga wa pembeni vilitoka vizuri ajabu. Siku hizi yeye mwenyewe akiona yai lenye alama ananiwekea pembeni. Watu wanaelewa ukiwaonyesha. Wanaocheka mara nyingi hawajaonyeshwa, na huyo wa Arusha namsamehe kwa hesabu hiyo, ingawa alikuwa na umri wa kujua.

Jambo la mwisho ni kusafisha picha, na hapa wengi mnaharibu kazi nzuri mlangoni. Omba karatasi isiyong'aa, kwa sababu ile ya kung'aa inaakisi taa ya chumba juu ya giza lako na mguso wote unapotea. Mwambie fundi wa studio asiongeze mwanga wala asiongeze ukali. Mashine nyingi zimewekwa kwa ajili ya sura za harusini, zikiona giza zinalifukuza, na kwako giza ndilo lililobeba unene wa kitu. Lipia kipande kidogo cha majaribio kwanza, toka nacho nje ukitazame mchana, ulinganishe na ulichoona mezani, ndipo uagize kubwa.