Jaji aliyepita bila kupingwa, kisha akapingwa

Msomaji mmoja wa San Jose aliuliza swali la kwanza hapa chini. Nilipolitaja kwa wenzake yakaja mengine, na karibu yote yakamwangukia jaji yuleyule. Nimeyapanga kwa mfuatano unaoeleweka.

Kaka, nimepata uraia mwaka jana. Kwenye karatasi yangu ya kura kuna majina ya majaji! Jirani ananiambia hapa Kaunti ya Santa Clara wananchi waliwahi kumng'oa jaji. Kwani jaji anagombea kama diwani? (San Jose, California)

Anagombea, ndugu yangu, ila kwa kelele chache kuliko diwani. Jirani anamzungumzia Aaron Persky. Alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti, na miongoni mwa kesi alizoshika zilikuwa za makosa ya kingono. Mwaka 2002 aligombea kiti cha ujaji katika Superior Court ya kaunti, akashindwa. Hilo jina lisikubabaishe. Linasikika kama mahakama ya juu, kumbe ndiyo ya chini, pale kesi inapoanzia: wizi, talaka, mirathi, mauaji. Mwaka 2003 Gavana Gray Davis akamteua kuwa jaji wa mahakama hiyohiyo aliyoikosa kwa kura. Gavana ana mamlaka hayo nafasi inapobaki wazi katikati ya muhula.

Muhula ni miaka 6. Ukifika mwisho, mwanasheria yeyote mwenye sifa anaweza kujitokeza kumpinga jaji. Kwa kawaida hajitokezi mtu, kwa sababu wakili gani anataka kugombana na jaji atakayemsikilizia kesi Jumatatu? Asipopatikana mpinzani, jina la jaji haliandikwi hata kwenye karatasi, anahesabiwa amechaguliwa. Sisi tuliotoka Tanzania tunaijua habari hiyo kwa jina lake: kupita bila kupingwa.

Persky alipita hivyo Juni 2016. Sasa mtazame: 2002 jina lilikuwa kwenye karatasi, akashindwa. 2016 halikuwapo, akashinda. 2018 likarudi, akashindwa tena.

Na wewe uliyepata uraia, hongera. Waonye tu wenzako wenye kadi ya kijani wasithubutu kupiga kura hata ya jaji. Wameshafukuzwa watu nchini kwa kosa hilo.

Alikula rushwa? (Kigoma)

Hapana. Ilikuwa hukumu moja.

Januari 2015 wanafunzi wawili wa Kiswidi waliokuwa wakipita kwa baiskeli katika Chuo Kikuu cha Stanford walimkuta kijana, muogeleaji wa timu ya chuo, juu ya mwanamke asiye na fahamu, nyuma ya jalala. Wakamkimbiza, wakamkamata. Machi 2016 baraza la raia 12 lilimtia hatiani kwa makosa matatu. Waendesha mashtaka wakaomba miaka 6 katika gereza la jimbo. Tarehe 2 Juni Persky akampa miezi 6 katika jela ya kaunti, ambayo ni nafuu kuliko gereza, na miaka 3 ya uangalizi wa nje, pamoja na kuandikishwa maisha katika orodha ya wahalifu wa ngono. Alisema gereza lingemwathiri vibaya kijana. Siku iliyofuata maelezo aliyoyasoma mwathirika mahakamani yakachapishwa, na yakasomwa na mamilioni ya watu. Kijana alitoka baada ya miezi 3.

Angalia tarehe, maana ndipo penye kiini. Hukumu ilitoka tarehe 2, uchaguzi ulikuwa tarehe 7. Mtu angedhani siku tano zinatosha watu kumkataa. Lakini mlango wa kuchukua fomu za kumpinga ulishafungwa tangu Machi. Kaunti ilikuwa inawaka moto, na jaji akaongezewa miaka 6 bila hata jina lake kuonekana. Ikabaki njia moja tu: kura ya kumwondoa kabla ya muda wake.

Michele Dauber, profesa wa sheria wa Stanford, akaongoza kampeni. Saini zilizohitajika hazikufika 60,000. Zikaletwa zaidi ya 90,000. Tarehe 5 Juni 2018 wapiga kura walijibu maswali mawili kwenye karatasi moja: aondolewe au asiondolewe, na akiondolewa nani achukue nafasi. Karibu asilimia 62 walisema aondoke. Kiti kikaenda kwa Cindy Hendrickson, mwendesha mashtaka wa kaunti hiyohiyo.

Nasoma sheria. Nimesikia tume ya nidhamu ya majaji ilimwona hana kosa. Iweje basi aondolewe? (Arusha)

Umesikia sawa. Desemba 2016 tume ya California inayosimamia mwenendo wa majaji ilisema haikupata ushahidi wa wazi kwamba alipendelea. Adhabu ilikuwa ndani ya sheria ya wakati ule, na idara ya uangalizi wa wahalifu yenyewe ilikuwa imependekeza jela ya kaunti badala ya gereza. Hata Jeff Rosen, mkuu wa waendesha mashtaka ambaye ofisi yake iliomba ile miaka 6, aliipinga hukumu na akaipinga pia kura ya kumwondoa jaji. LaDoris Cordell, jaji mstaafu mwanamke mweusi, alizunguka akionya kwamba jaji akiogopa umati ataongeza miaka, na watakaoilipa miaka hiyo ni maskini na weusi, siyo waogeleaji wa Stanford.

Alisema kweli? Wachambuzi waliofuatilia hukumu za majaji wengine wa California walikuta vifungo viliongezeka baada ya kampeni kutangazwa. Hilo linanisumbua. Mimi naona hukumu ile ilikuwa nyepesi mno, na bado naona dawa yake ilikuwa sheria. Sheria yenyewe ilibadilishwa mapema: Septemba 2016 Gavana Jerry Brown alisaini muswada unaomzuia mtu aliyembaka au kumdhalilisha asiye na fahamu kupewa uangalizi wa nje. Baada ya hapo Persky hata angetaka asingeweza kuirudia hukumu ile. Lakini ukiniuliza kama wananchi walikuwa na haki ya kumwondoa, nitasema ndiyo. Mtu aliyeingia bila kura yao asilalamike sana wakidai kura yao baadaye.

Ni wa kwanza kuondolewa hivyo? (Minneapolis, Minnesota)

California ilikuwa haijafanya hivyo tangu 1932, ilipowaondoa majaji watatu wa Los Angeles. Wisconsin walimwondoa Archie Simonson mwaka 1977, baada ya kusema mahakamani maneno yaliyolaumu mavazi ya wanawake katika kesi ya kijana aliyebaka. Nafasi yake ilichukuliwa na mwanamke, Moria Krueger.

Kisa ninachokipenda ni cha Arizona. Mwaka 1911 ilitaka kuwa jimbo, na katiba yake iliruhusu kuwaondoa majaji kwa kura. Rais Taft, aliyewahi kuwa jaji, akakataa. Wakakifuta kifungu, wakakubaliwa Februari 1912, na Novemba mwaka huohuo wakakirudisha.

Huku kwetu ingefaa? (Nakuru)

Kenya mlipata cha kwenu. Baada ya katiba ya 2010 bodi maalumu iliwapiga msasa majaji wote, na mwaka 2012 ikawatoa vigogo wanne wa Mahakama ya Rufani. Ile ilipima rekodi nzima ya mtu, siyo hukumu moja. Sitaibadilisha kwa kampeni ya mabango.

Yuko wapi sasa? (Dar es Salaam)

Mwaka 2019 shule moja ya sekondari ilimwajiri Persky kufundisha tenisi. Wazazi walipojua jina, akaondolewa.

Hapa Houston majaji ni wengi hadi kichwa kinauma. Niweke tiki kwa chama changu tu? (Houston, Texas)

Huko majaji hugombea kwa tiketi ya chama, na mawimbi huwabeba wote, wazuri na wabovu. Mwaka 2018 katika kaunti yenu ya Harris walichaguliwa majaji wanawake weusi 17 wa Democratic kwa mpigo, na majaji wengi wa Republican wakaangushwa siku hiyohiyo. Tangu 2020 Texas haina tena tiki moja ya chama kizima. Itabidi uteremke jina kwa jina. Anza na chumba cha mahakama kinachokuhusu: kama una kesi ya watoto, tafuta jaji wa familia. Waulize wakarimani wa Kiswahili wanaofanya kazi humo. Wao hukaa siku nzima wakimtazama jaji, na wanajua nani husikiliza na nani huangalia saa.