Re: Fizi zinavuja damu, antibiotiki zimegoma

Habari yako ndugu. Umesema fizi zinavuja damu ukipiga mswaki, umemeza antibiotiki zikatulia, kisha tatizo likarudi. Na unaogopa kusafishwa kwa kuwa umesikia kunalegeza meno.

Anza kwa kuuliza kina cha mifuko kati ya jino na fizi. Daktari hupima kwa kijiti chembamba chenye alama. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kama mfupa unaoshika jino haujaguswa na ugonjwa, fizi hupona kabisa. Mfupa ukishaliwa, ugonjwa unadhibitiwa tu.

Dawa za kumeza peke yake haziondoi ugaga (uchafu mgumu wa meno) uliogandamana chini ya fizi, ndiyo maana damu inarudi. Ugaga huo hukwanguliwa, mara nyingi kwa ganzi; huko ndiko kusafishwa unakokuogopa. Mimi nilifanyiwa: baadaye fizi zilinywea, meno yakaonekana marefu na maji ya baridi yakawa yananichoma kwa muda. Hapo ndipo watu husema yamelegezwa, kumbe uvimbe umeshuka na nafasi kati ya meno zilizokuwepo tayari zimeonekana. Rudi kupimwa baada ya miezi kama 3. Mifuko ikibaki mirefu, milimita 6 hivi, ndipo upasuaji wa fizi hujadiliwa.

Usiache kupiga mswaki sehemu inayovuja, na safisha katikati ya meno kila siku. Klorheksidini, dawa ya kusukutulia mdomo, ni ya muda mfupi, hutia meno madoa.

Je, unavuta sigara? Umepima sukari? Tafadhali yajibu hayo kwanza, maana sigara na sukari iliyopanda huchelewesha fizi kupona.