Maswali ya Wasomaji: Uhai ni Zawadi au ni Amana?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Mwezi wa pili tulimzika mjukuu wangu wa tano, aliyeishi siku 9 tu, na ambaye muuguzi alimbatiza alipoona hali yake inazidi kuwa mbaya. Kwenye mazishi katekista alisema kwamba mtoto alikuwa amana, na mwenye amana amekuja kuichukua. Lakini mahubirini tunafundishwa kila mara kwamba uhai ni zawadi ya Mungu. Kwetu mtu akikupa zawadi kisha akaidai, watu humsema. Je, yule mtoto alikuwa zawadi au amana?
Bibi, Songea

JIBU: Milele amina, Mama, na pole sana kwa msiba.

Maneno yote mawili ni ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inatuita mawakili wa uhai tuliokabidhiwa, wala si wamiliki wake (namba 2280), na katika Luka 12:20 tajiri anaambiwa kwamba usiku huo roho yake inatakiwa, kwa neno la Kigiriki linalotumika pia kwa mtu anayedai mkopo wake urudishwe. Katekista hakukosea, basi, ila mimi ningelitunza neno hilo kwa ajili ya mtu mzima anayetaka kuutumia uhai wake, au wa mwenzake, kama apendavyo. Mbele ya kaburi la mtoto mchanga linaumiza bila sababu.

Tuje kwenye zawadi. Ukimpa jirani kuku, jirani alikuwepo kabla ya kuku, nawe ukishaondoka kuku anabaki kuwa wake. Uumbaji hauko hivyo. Kanisa linafundisha, na Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilitamka rasmi mwaka 1215, kwamba Mungu aliumba vyote bila kutumia kitu chochote kilichokuwepo. Maana yake hapakuwa na mtu aliyesimama pembeni akingoja kupewa uhai, bali mpokeaji mwenyewe ndiye zawadi. Katika Mwanzo 2:7 ni pale tu Mungu anapompulizia pumzi ndipo yale mavumbi yanapokuwa nafsi hai. Tena utoaji huo haukomi siku ya kuzaliwa: Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa wa karne ya 13, anaufananisha na mwanga uliomo hewani, ambao upo kwa muda wote jua linapoangaza, wala hewa haiwezi kujiwekea akiba yake kwa ajili ya usiku. Zaburi 104:29-30 inasema vivyo hivyo juu ya viumbe vyote, hata wa baharini: Mungu akiiondoa pumzi yao wanakufa, akiipeleka roho yake wanaumbwa.

Ndiyo maana mfano wa mtu anayetoa kitu kisha akakidai haumfikii Mungu. Mjukuu wako hakuishi hata siku moja kwa akiba yake mwenyewe. Siku zote 9 alikuwa akipewa. Kwa nini hazikuwa nyingi zaidi, imani haitoi jibu, na Ayubu wa Biblia, aliyepoteza mali na watoto wake wote, hakupewa jibu pia. Yale maneno tunayoyarudia misibani, kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa, aliyasema siku ya kwanza ya msiba wake (Ayubu 1:21). Kuanzia sura ya 3 analalamika waziwazi, na bado katika 42:7 Mungu anasema kwamba ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa, si rafiki zake waliokuja na maelezo tayari.

Tazama pia hesabu ya mwisho wa kitabu hicho. Kondoo waliokuwa 7,000 wanarudi wakiwa 14,000, na mifugo mingine yote inaongezwa maradufu vilevile. Lakini watoto waliokufa walikuwa 10, na Ayubu anapewa wengine 10, si 20. Wapo wafasiri wa kale walioona sababu yake: kondoo wa kwanza walikwisha, bali watoto wa kwanza hawakupotea mbele ya Mungu, kwa hiyo bado wanahesabiwa.

Ukiulizwa una wajukuu wangapi, Mama, sema watano.