Jibu: Westfalia 1648, na kwa nini mazungumzo yalichukua miaka

Mkuu, umeuliza kama ni kweli wakubwa wa Vita vya Miaka 30 (vita vya 1618 hadi 1648, vya dini na madaraka, vilivyopiganwa zaidi Ujerumani) walifanya amani ya Westfalia bila kukaa meza moja. Ni kweli. Nimeishi Münster, mji wa eneo la Westfalia huko Ujerumani, miaka minne, nikasoma sana habari hizi, kwa hiyo ngoja nieleze.

Ufaransa na Kaisari, mtawala mkuu Mkatoliki wa nchi za Ujerumani, walizungumzia Münster. Uswidi na Kaisari wakazungumzia Osnabrück, umbali wa kilomita 50 hivi. Treni ya leo inamaliza safari hiyo kwa nusu saa, wao walitegemea wapanda farasi. Msuluhishi wa Münster, balozi wa Papa Fabio Chigi, alikataa kabisa kuongea na Waprotestanti. Halafu mapigano hayakusitishwa: kila mji ulipotekwa, madai yalibadilika. Julai 1648 Waswidi waliingia sehemu ya Prague, mji mkuu wa Bohemia (Czech ya leo), mji uleule vita vilikoanzia mwaka 1618 maofisa wa mfalme walipotupwa dirishani.

Ukifika kwenye Ukumbi wa Amani pale Münster utaona picha za wajumbe ukutani. Wageni wengi hudhani mkataba wa 24 Oktoba 1648, uliomaliza Vita vya Miaka 30, ulitiwa sahihi humo. Hapana, humo Wahispania na Waholanzi waliapa tarehe 15 Mei kumaliza vita vyao vya miaka 80.

Kilichonigusa mimi ni mwaka 1624. Mali za kanisa zilishabadili mikono mara nyingi kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na kila upande una ushahidi wake. Wakakubaliana: aliyekuwa nazo tarehe 1 Januari 1624, ndiye mwenyewe. Basi. Ukoo wetu uligombania mpaka wa shamba miaka mingi, kila kikao watu wanaanza na babu wa babu. Mzee mmoja akasema tushike mpaka ulivyokuwa mwaka babu alipofariki. Hakuna aliyetoka pale anacheka, lakini kesi iliisha. Niliposoma kifungu kile nilimkumbuka mzee huyo. Waliobaki nje ni Waprotestanti wa Bohemia, maana Kaisari hakukubali kanuni hiyo iguse nchi zake za urithi, na hilo linaniuma hadi leo. Osnabrück kwenyewe wakapanga zamu: askofu Mkatoliki, akifuatiwa na Mlutheri.

Wanaosema Westfalia ilizaa dola huru wangesoma vifungu vyenyewe. Sehemu kubwa ni nani amrudishie nani nini, na nani alipe. Uswidi iliahidiwa thaler (sarafu za fedha za wakati huo) milioni 5 za kuwalipa askari wake waondoke, kwa sababu askari asiyelipwa angeendelea kula vya wanakijiji. Ikabidi wakutane tena Nürnberg hadi 1650 kupanga malipo na kambi ipi iondoke lini. Kwa mkulima wa Ujerumani, vita viliisha siku kambi ya jirani yake ilipofunga mizigo.