Maswali na majibu: "Kompyuta yangu haiwaki"

Barua nyingi wiki hii zina mstari mmoja tu: "Kompyuta haiwaki, tatizo nini?" Hizo nimeziweka kando. Kuna kompyuta isiyo na dalili yoyote ya umeme, kuna inayozungusha feni huku skrini nyeusi, na kuna inayowaka kisha ikajizima. Zote watu huziita "haiwaki", na kila moja ina tiba yake. Ukiandika, taja ni ipi, ni modeli gani, na nini kilitokea kabla.

Swali: Umeme ulikatika usiku, uliporudi desktop ikawa kimya kabisa. Fundi anasema mazabodi (bodi kuu) imekufa, nimpe hela anunue nyingine. (Tanga)

Jibu: Muulize kwanza amepima nini. Fundi anayetangaza kifo cha mazabodi bila kushika multimita (kipimo cha umeme) anabahatisha, tena kwa hela yako.

Chomeka chaja ya simu kwenye tundu lile lile la ekstensheni uone kama umeme upo. Kisha chomoa waya wa kompyuta, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, uchomeke tena. Pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) iliyojifunga baada ya umeme kurudi kwa nguvu mara nyingi huachia hapo.

Isipoachia, ipime. Toa plagi ya pini 24 kwenye mazabodi. Ukirudisha umeme, waya wa zambarau lazima usome volti 5 hata kabla ya kuwasha chochote. Ikiwa haupo, mgonjwa ni pawa saplai. Ukiwepo, zima umeme, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, kisha washa. Wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa machungwa kati ya 3.14 na 3.47. Feni kuzunguka peke yake si ushahidi. Hata vipimo vizuri bila mzigo (bila vifaa vinavyokula umeme) havitoshi, kwa hiyo azima pawa saplai nzima ujaribu kabla ya kuilaumu mazabodi.

Rangi hizi ni za pawa saplai ya kawaida, iitwayo ATX. Dell OptiPlex na HP nyingi za ofisini zina plagi za kwao, pini 6 au 8, usizijaribu hivi. Na usiifungue pawa saplai yenyewe: kapasita kubwa (vifaa vinavyohifadhi umeme) mle ndani huweza kubaki na volti 325 hivi hata baada ya kuchomoa waya.

Swali: Kompyuta iliyotumika kutoka Marekani. Niliichomeka tu, ikapiga "pa!" na moshi.

Jibu: Swichi ndogo nyekundu nyuma ilikuwa kwenye 115, na umeme wetu ni 230. Badilisha pawa saplai; mazabodi mara nyingi hupona. Wauzaji wa mitumba wanajua jambo hili na bado hawawaambii wateja. Kagua kabla ya kuchomeka.

Swali: Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini haionyeshi kitu. (Unguja)

Jibu: Kama una kadi ya picha, waya wa skrini uwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kisha njoo kwenye RAM (vijiti vya kumbukumbu), maana pwani hewa ya chumvi hula miguu yake. Chomoa umeme, toa RAM zote, safisha miguu ya dhahabu kwa ufutio laini, upanguse kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Rudisha moja tu, nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, ujaribu. Isipokubali, jaribu nyingine.

Kama mazabodi ina spika ndogo, washa kompyuta bila RAM kabisa. Ikilia, furahi: prosesa na mazabodi vinafanya kazi.

Wenye mashine mpya za DDR5 (kizazi kipya cha RAM), subirini. Uwashaji wa kwanza baada ya kubadilisha RAM unaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, nanyi mnazima katikati halafu mnaandika barua.

Swali: Betri ya saa ikiisha, kompyuta hukataa kuwaka?

Jibu: Mara chache. Kwa kawaida hupoteza saa na mipangilio tu. Weka CR2032 mpya.

Swali: Laptopu ya Type-C, naiwasha kwa chaja ya simu, inakataa.

Jibu: Chaja nyingi za simu hazifiki volti 20 ambazo laptopu nyingi za aina hiyo huomba. Tafuta ya wati 65 yenye USB PD, mfumo wa chaja na kifaa kukubaliana volti.

Swali: Nilimwagia laptopu chai ya maziwa, nikaifukia kwenye mchele siku mbili. Sasa niwashe?

Jibu: Usiwashe. Mchele hautoi sukari wala maziwa, na siku zote hizo betri ilikuwa ndani ikiendelea kuila bodi. Ifunguliwe leo, plagi ya betri ichomolewe kwanza, bodi isuguliwe kwa brashi laini na isopropili, ikauke kabisa. Ukisikia fundi anataka kuipiga hewa ya moto kabla ya kuisafisha, ondoka nayo.

Na kabla hujamwachia mtu, toa diski yako. SSD ya M.2 (diski bapa kama kijiti) hushikwa na skrubu moja. Iweke kwenye kasha la USB linaloendana nayo, unakili faili zako kwenye kompyuta nyingine. Windows 11 ikiuliza ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows), uangalie kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kwenye MacBook za sasa hifadhi imechomelewa kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo hapo mwambie fundi tangu mwanzo kwamba unachotaka kuokoa ni faili.