Kwa Mnaoanza Kuuza Dagaa Mtandaoni kutoka Mwaloni

Mteja anayekuja soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, anashika dagaa, ananusa, anatafuna mmoja, ndipo anatoa hela. Wa Mbeya hana nafasi hiyo. Anatakiwa atume pesa kwanza kwa mtu asiyemjua, na nchi hii kila mtu ameshapokea meseji ya "ile hela nitumie kwenye namba hii". Kwa hiyo ukurasa wako ndio utakaokutetea.

Anza na jina. Hapa ndipo wengi mnapoteza wateja. Mtu akitaka kukutumia pesa, simu inamwonyesha jina la mwenye laini kabla hajaweka namba ya siri. Ukurasa una jina la biashara, simu inaleta jina la shemeji yako: anaghairi, wala hakwambii kwa nini. Chukua lipa namba yenye jina la biashara. Kama bado, andika wazi jina litakalotokea. Namba iwe moja kila mahali, mpaka ile uliyoandika kwa maka peni kwenye gunia.

Utambulisho wa Instagram una nafasi ya herufi 150 tu, usizimalize kwa vikopa. Sema unauza nini, uko wapi, unatumaje mzigo. Facebook fungua ukurasa wa biashara. Akaunti binafsi inaishia marafiki 5,000, tena huko shangazi atakutakia heri ya kuzaliwa katikati ya bei za dagaa.

Picha piga nje, mchana, bila filta. Mnunuzi mzoefu anasoma rangi: dagaa aliyepata jua la kutosha anang'aa, aliyenyeshewa akiwa ameanikwa anafifia. Ukimng'arisha kwa simu, gunia litafunguliwa Mbeya na video yake itazunguka kwenye magrupu. Sogeza kamera karibu, maana dagaa wa kuanikwa mchangani na wa kwenye chanja hawafanani, na wateja wanajua. Juu yao weka kikaratasi chenye jina lako na tarehe. Picha zinaibwa, kesho utaikuta kwa mtu ambaye hajawahi kufika Mwanza.

Halafu kuna mbalamwezi. Wateja wengi wa mbali hawajui kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mzigo unapungua, bei inapanda. Ukikaa kimya siku hizo wanadhani umekimbia na hela za watu. Piga picha mitumbwi iliyopumzika ufukweni, eleza bei imepanda kwa nini na giza linarudi lini. Mimi naona maelezo hayo yanauza kuliko punguzo. Bei ya leo weka status, itajifuta baada ya saa 24. Usiiache kwenye ukurasa, mtu atakudai bei ya mwezi jana.

Risiti ya basi na meseji ya mteja aliyeshukuru ni ushahidi mzuri, ila ziba jina na namba yake kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, nani anapenda?

Leo hii washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Tarakimu 6 zinazokuja kwa meseji usimpe mtu, hata akijiita mteja. Akishaingia ataomba hela kwa wateja wako kwa jina lako. Na laini isajiliwe kwa kitambulisho chako cha NIDA, siyo cha kijana wa kibandani, ili simu ikipotea uweze kuirudisha mwenyewe.