Boti ya tanga haipati mteja, Mkokotoni

Yakhe, unasema boti yako ya faiba ya futi 18 ushaikarabati, iko juu ya trela hapo Mkokotoni na miezi mitatu watu wanakuja wanatizama wanaondoka. Mimi naona shida ni hiyo rangi mpya, mtu akiona inang'aa anajiuliza chini kumefichwa nini, kwa hiyo mwoneshe picha za kabla hujapaka, nyufa na viraka vyote. Tanga nalo usiliache mfukoni, litandaze apapase mshono mwenyewe. Beringi za trela zicheki, maji ya chumvi yanazila kweli, gurudumu likilia tu bei ishashuka. Halafu maji yakijaa ishushe, mpakie mteja mwende hadi kisiwani Tumbatu mrudi, na usukani mwachie yeye.